Papa Katika Nyavu Zisizomkusudia: Kwa Nini Bahari Yetu Inahitaji Hesabu Mpya

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 2003 wavuvi wa Songo Mnara, wilayani Kilwa, walimpata katika wavu wao samaki ambaye hawakumkusudia. Alikuwa silikanti, samaki wa kale ambaye wanasayansi waliamini kuwa alikwishatoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, hadi mmoja alipopatikana nchini Afrika Kusini mwaka 1938. Katika miaka iliyofuata samaki wa aina hiyo walinaswa kwa makumi katika maji ya Tanga. Habari hiyo ilivuta macho ya dunia, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga.

Lipo jambo moja katika habari hiyo ambalo halikuzungumzwa sana. Nyavu zilizowanasa silikanti wa Tanga zilikuwa majarife, yaani nyavu zenye macho makubwa ambazo hutegwa kwa ajili ya papa. Aliyekusudiwa alikuwa papa, aliyepatikana akawa silikanti. Wavu una macho mengi, lakini hauoni; humkamata kila apitaye.

Ukweli huohuo unamhusu papa mwenyewe. Wapo papa wanaovuliwa kwa makusudi, lakini idadi kubwa hunaswa katika nyavu na ndoana zilizotegwa kwa ajili ya jodari, nguru, nduaro na samaki wengine. Wataalamu huwaita viumbe wanaonaswa kwa namna hiyo samaki wasiolengwa. Makala haya yanaeleza hali ya papa katika Bahari ya Hindi, sababu zinazofanya upungufu wao kuwa mgumu kurekebishwa, na hatua zinazoweza kuwanusuru bila kumnyima mvuvi riziki yake.

Hali ilivyo

Mwaka 2021 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia (IUCN) ulitangaza kuwa zaidi ya theluthi moja ya aina zote za papa na taa duniani zimo katika hatari ya kutoweka, na kwamba chanzo kikuu cha hatari hiyo ni uvuvi uliopita kiasi. Mwaka huohuo, utafiti uliochapishwa katika jarida la kisayansi la Nature ulionesha kuwa papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Kwa lugha nyepesi, mahali palipokuwa na papa 100 wakati huo, sasa wamebaki 29. Bahari ya Hindi ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyopungukiwa zaidi.

Upungufu huo haukutokea kwa sababu bahari imekataa kuzaa. Katika kipindi hicho hicho, shinikizo la uvuvi kwa samaki hao liliongezeka takriban mara 18, likipimwa kwa kulinganisha idadi ya papa na taa wanaovuliwa na idadi ya waliobaki baharini. Meli ziliongezeka, nyavu za nailoni zikachukua nafasi ya nyavu za pamba na katani, na mitambo ikamwezesha mvuvi kufika mahali ambapo zamani palikuwa ni maficho ya samaki.

Kwa wakazi wa pwani, papa si mgeni. Papa mkavu, ambaye watu wa mwambao humwita ng'onda, ameliwa kwa karne nyingi na alikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kwa majahazi kati ya Uarabuni na Afrika Mashariki kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Mafuta ya ini lake, yaitwayo sifa, yalipakwa kwenye mbao za vyombo ili zisishambuliwe na maji na wadudu wa baharini. Papa amekuwa kitoweo, bidhaa na dawa ya chombo. Kwa hiyo, anapopungua, kinachopungua ni sehemu ya maisha ya pwani yenyewe.

Samaki asiyezaa kama samaki

Ili kuelewa kwa nini papa humalizika upesi kuliko samaki wengine, ni lazima kutazama namna anavyozaa. Jodari mmoja jike hutaga mayai kwa mamilioni. Hata kama wengi wa watoto wake wataliwa wakiwa wadogo, wachache watakaosalia wanatosha kuendeleza kizazi. Ndiyo maana jodari, akivuliwa kwa kiasi na kupewa nafasi, anaweza kurudi kwa miaka michache.

Papa yuko mbali na hesabu hiyo. Aina nyingi za papa hubeba mimba kwa miezi tisa au zaidi na kuzaa watoto wachache waliokwisha kukamilika. Pingusi, yaani papa mwenye kichwa kama nyundo, huweza kuzaa watoto kumi na kadhaa hadi makumi machache kwa mkupuo, na hiyo ni idadi kubwa kwa jamii ya papa. Papa wa kina kirefu mwenye macho makubwa na mkia mrefu kwa kawaida huzaa watoto wawili tu. Taa mkubwa aina ya manta, ambaye ni ndugu wa karibu wa papa, huzaa mtoto mmoja na huweza kupumzika miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena.

Pamoja na hayo, papa huchelewa kukomaa. Aina nyingi za papa wakubwa huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Papa anayenaswa akiwa na umri wa miaka minane anaweza kuonekana mkubwa sokoni, mwenye kilo za kutosha, ilhali hajaacha mtoto hata mmoja baharini.

Mkulima anaelewa jambo hili bila kufafanuliwa. Kula mavuno ni haki yake, lakini akila mbegu, msimu ujao atalima shamba tupu. Kwa papa, tofauti kati ya mavuno na mbegu ni ndogo mno, na wavu hauitambui.

Namna papa wanavyonaswa

Katika Bahari ya Hindi zipo njia tatu kubwa ambazo papa hunaswa bila kukusudiwa.

Njia ya kwanza ni nyavu za kutega, zikiwemo zile zinazoachwa kuelea na mkondo wa maji. Tofauti na bahari nyingine kubwa, Bahari ya Hindi ina uvuvi mkubwa wa jodari unaotegemea nyavu za aina hii. Papa ni lazima aogelee ili maji yapite vyema katika matamvua yake. Hivyo ndivyo aina nyingi za bahari kuu zinavyopumua. Akishanaswa na kushindwa kusogea, hufa kwa kukosa hewa muda mrefu kabla wavu haujavutwa.

Njia ya pili ni mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Meli kubwa hutandaza mshipi mmoja wenye urefu wa makumi ya kilomita na ndoana kwa mamia au maelfu, zikiwalenga jodari na nduaro. Chambo kinachomvuta jodari humvuta papa vilevile. Pale ambapo kipande cha mwisho cha mshipi ni waya wa chuma, papa hana uwezo wa kuukata kwa meno.

Njia ya tatu ni uvuvi wa nyavu za kuzungusha unaotumia chelezo. Meli huachia baharini chelezo zinazoelea ambazo huvutia samaki kukusanyika chini yake. Kwa miaka mingi chelezo hizo zilifungwa vipande vya nyavu kuukuu vinavyoning'inia majini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa kati ya papa 480,000 na 960,000 wa aina moja pekee, wale wenye ngozi laini kama hariri, walikuwa wakifa kila mwaka katika Bahari ya Hindi kwa kujinyonga katika nyavu hizo za chini ya chelezo. Papa hao hawakuonekana katika takwimu yoyote ya uvuvi, kwa kuwa hakuna aliyewavuta melini. Walikufa na kuzama.

Matokeo ya utafiti huo yalileta mabadiliko. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi (IOTC), yenye makao yake mjini Victoria, Shelisheli, iliweka masharti ya kutumia chelezo zisizonasa viumbe. Ni mfano mzuri wa vifo vingi vilivyoweza kukabiliwa kwa kubadili umbo la kifaa, bila kufunga uvuvi wenyewe.

Kwa mvuvi mdogo, hakuna cha kutupwa

Mara nyingi taarifa za kimataifa huzungumzia samaki wasiolengwa kana kwamba ni takataka zinazorudishwa baharini zikiwa zimekufa. Katika mwambao wa Afrika Mashariki hali ni tofauti. Mvuvi wa ngalawa au mashua anayemkuta papa katika wavu alioutega kwa ajili ya nguru hamtupi. Nyama italiwa nyumbani au kuuzwa mnadani, sehemu nyingine itatiwa chumvi na kuanikwa, na mapezi yatatafutiwa mnunuzi. Hakumkusudia papa, lakini hakumkataa.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa suala hili, na hakuna faida ya kuuficha. Kumwambia mvuvi ambaye hajapata kitu tangu alfajiri amwachie papa aliye ndani ya chombo chake ni kumwomba atoe chakula cha siku hiyo kwa ajili ya samaki wa miaka ijayo. Sheria inayotungwa bila kuzingatia hilo huvunjwa usiku, na papa aliyepaswa kuhesabiwa huingizwa sokoni akiwa amekatwa vipande asivyoweza kutambulika.

Nchi jirani katika bahari hii imeonesha njia nyingine. Mwaka 2010 Maldivi ilipiga marufuku uvuvi wa papa katika maji yake yote. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu mbili. Kwanza, wavuvi wake huvua jodari kwa fimbo na ndoana, samaki mmoja baada ya mwingine, hivyo papa hunaswa kwa nadra. Pili, papa aliye hai huvutia watalii wa kuzamia. Pwani yetu inategemea zaidi nyavu, na wavuvi wake ni wengi. Funzo la Maldivi kwetu basi halimo katika marufuku peke yake. Limo katika kutambua kwamba aina ya zana ndiyo inayoamua ni papa wangapi watakufa.

Sheria na makubaliano

Papa hajui mpaka. Anaweza kuzaliwa karibu na mikoko ya nchi moja, akakulia katika matumbawe ya nchi nyingine na kunaswa katika bahari kuu isiyo ya nchi yoyote. Kwa sababu hiyo, ulinzi wake unategemea makubaliano baina ya mataifa.

Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, unaohusu ulinzi na uendelezaji wa mazingira ya bahari na mwambao, unaziunganisha nchi kumi za magharibi mwa Bahari ya Hindi, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini, zikiwemo Tanzania, Kenya na Msumbiji pamoja na nchi za visiwa.

Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini Kutoweka (CITES), ambao Tanzania ni mwanachama, umekuwa ukiongeza idadi ya papa wanaodhibitiwa. Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, aliorodheshwa mwaka 2002. Mwaka 2013 waliongezwa pingusi wa aina tatu, papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe za mapezi, na taa aina ya manta. Mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika nchini Panama, iliorodheshwa familia nzima ya papa ambayo mapezi yake hutawala biashara ya kimataifa. Kwa aina zilizo katika orodha ya pili ya mkataba huo, biashara baina ya nchi haijafungwa. Inatakiwa tu nchi inayosafirisha ithibitishe kwanza, kwa ushahidi wa kisayansi, kuwa biashara hiyo haitahatarisha kuendelea kuwapo kwa aina husika.

Kwa upande wake, IOTC ilikataza meli zinazovua jodari kubaki na papa wenye mikia mirefu tangu mwaka 2010, na mwaka 2013 ikaweka katazo kama hilo kwa papa mwenye ncha nyeupe, huku ikitoa nafasi kwa wavuvi wadogo wanaovua ndani ya maji ya nchi zao kwa matumizi ya wenyeji. Mwaka huohuo ilizuia meli kuzungusha nyavu kwa makusudi mahali anapoonekana potwe. Kuhusu nyavu za kuelea zenye urefu unaozidi kilomita 2.5, ambazo zilikwishapigwa marufuku katika bahari kuu, Kamisheni iliamua mwaka 2017 kuwa kuanzia mwaka 2022 katazo hilo lihusu eneo lake lote, yakiwemo maji ya kiuchumi ya nchi wanachama.

Nchini Tanzania, uvuvi katika ukanda wa kiuchumi wa bahari unasimamiwa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu kwa niaba ya pande zote mbili za Muungano, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 2020. Karibu na pwani, usimamizi hushirikisha wananchi kupitia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vinavyojulikana zaidi kama BMU.

Zana zinazoweza kubadilika

Utafiti wa miaka ya karibuni unatoa matumaini. Nchini Mexico, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2022 walifunga balbu ndogo za kijani zinazotumia betri katika nyavu za kutega za wavuvi wadogo. Papa na taa walionaswa walipungua kwa asilimia 95, wakati samaki waliokusudiwa waliendelea kupatikana kama kawaida. Faida nyingine ilikuwa kwa mvuvi mwenyewe: muda wa kuvuta wavu na kuwanasua viumbe wasiotakiwa ulipungua.

Kwa mishipi mirefu, kuacha kutumia waya wa chuma na kutumia nailoni humpa papa nafasi ya kuukata mshipi na kuondoka. Ndoana zenye umbo la duara nazo hunasa zaidi pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni, hivyo samaki anayeachiwa ana nafasi kubwa ya kuishi.

Zipo pia hatua zisizohitaji kifaa kipya. Wavu unaovutwa mapema hukutwa na papa walio hai kuliko wavu uliolala majini usiku kucha. Papa anayeachiwa hapaswi kunyanyuliwa kwa mkia peke yake wala kuchomwa kulabu. Ikiwa ni mkubwa, ni salama zaidi kwa mvuvi na kwa papa kuukata mshipi karibu na ndoana huku mnyama akiwa bado majini. Maeneo ambayo papa wachanga hukulia, hasa ghuba zenye maji ya kina kifupi na kandokando ya mikoko, yanaweza kupumzishwa katika miezi ya kuzaliana, kwa namna ileile ambayo jamii kadhaa za pwani zimekwisha kuzoea kufunga miamba ya pweza kwa muda na kuifungua baadaye.

Papa aandikwe kwa jina lake

Hatua zote hizi zinahitaji msingi mmoja, nao ni hesabu. Mwaka 2019 watafiti waliofuatilia mialo ya wavuvi wadogo katika nchi kadhaa za kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi, Kenya na Zanzibar zikiwemo, walihitimisha kuwa papa na taa wanaovuliwa ni wengi zaidi ya wale wanaoonekana katika takwimu rasmi za nchi.

Tatizo halimo katika idadi peke yake. Katika daftari nyingi za mialo, samaki hao huandikwa kwa neno moja tu: papa. Chini ya neno hilo huweza kuwekwa pingusi aliye katika hatari kubwa, pamoja na papa mdogo wa mchangani anayezaliana kwa kasi zaidi. Uzito wa jumla unaweza kubaki uleule mwaka hadi mwaka huku aina moja ikimalizika na nyingine ikijaza nafasi yake. Papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili, ni onyo linalotosha. Wazee wengi wa pwani wanamkumbuka. Vijana wengi wanaovua leo hawajawahi kumwona akiwa hai.

Kwa bahati njema, ujuzi unaohitajika upo tayari pwani. Wavuvi wanayo majina ya aina mbalimbali za papa na wanawatofautisha kwa umbo la kichwa, pezi na rangi. Kinachotakiwa ni majina hayo yaingie katika daftari za mialo, yaambatane na urefu wa samaki na aina ya zana iliyomnasa, na mvuvi anayetoa taarifa hiyo asiogope kuwa itatumika kumwadhibu kwa samaki ambaye hakumkusudia.

Kisiwani Mafia upo ushahidi wa kile ambacho hesabu ya namna hiyo inaweza kuleta. Katika Ghuba ya Kilindoni, potwe huonekana kwa wingi kuanzia Oktoba hadi Machi wanapofuata kamba wadogo na chakula kingine kinachoelea, katika maji yaleyale ambayo wavuvi hutega nyavu zao. Kila potwe ana mpangilio wake wa madoa, kama alama za vidole kwa binadamu. Kwa kupiga picha madoa hayo, watafiti wameweza kumtambua mmoja mmoja, na kwa kutumia vifaa vya kufuatilia mienendo wakagundua kuwa wengi wao hawaondoki kisiwani baada ya msimu, bali husogea mbali kidogo na kwenda kina kirefu zaidi. Watu walidhani ni wageni wa msimu. Kumbe ni wakazi. Leo potwe hao huwaletea wenyeji kipato kupitia utalii, na inapotokea mmoja wao akazungukwa na wavu, uamuzi wa mvuvi wa kuufungua unagusa riziki ya jirani zake.

Pingusi na papa wengine hawana madoa ya kupigwa picha wala watalii wa kuwasubiri ufukweni. Kwao, ulinzi utaanza siku mwandishi wa mwaloni atakapouliza swali moja la ziada kabla ya kuandika uzito katika daftari: papa huyu ni wa aina gani, na alinaswa na nini?